Kutoa rangi ya mwani kwenye tope la Ziwa Tanganyika

Karibuni tena maabara. Tope hili lililofungwa kwenye foili limetoka chini kabisa ya Ziwa Tanganyika. Limeshakatwa sentimita moja moja, likagandishwa na kukaushwa, kwa hiyo tunaingia kazini moja kwa moja.

Kwanza taa. Zima ya juu, funga pazia, bakiza hii ndogo ya kijani. Rangi hizi za mwani wa zamani zimedumu kwa sababu kule chini kuna giza, na maji ya kilindini hayana oksijeni, wala hakuna minyoo wa kufukua matabaka. Ukizimulika hapa mezani, zinapauka mbele ya macho yako.

Pima gramu 0.2, tia kwenye tyubu ya kioo, ongeza mililita 10 za asetoni ya asilimia 90. Kioo, jamani, maana asetoni inayeyusha baadhi ya plastiki. Tikisa, vika foili, weka kwenye friji hadi kesho. Mimi huvika foili mara mbili.

Hii ni ya jana. Izungushe kwenye mashine dakika kumi ili tope litue chini, kisha mimina taratibu... Subiri. Taa ya kamera inawaka! Izime, izime. Haya. Na sogea karibu, unaona vumbi hilo linaelea? Tope limeinuka. Usipime hivyo, rudisha kwenye mashine. Na foili irudi pia.

Sasa ni safi. Tazama rangi yake: kijani iliyoingia ukahawia, kwa sababu klorofili nyingi imeshageuka feofitini, yaani klorofili iliyoharibika. Itie kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika, usome kwanza kwenye mwanga wa nanomita 750. Ikipanda, bado kuna vumbi. Kisha soma 665. Dondosha tone la asidi, usome tena: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo klorofili nzima ilivyokuwa imebaki.

Ila mimi moyo wangu uko kwenye rangi za njano. Klorofili inakupa kiasi cha mwani tu, hizi zinakutajia wenyewe: diatoksanthini ni ya diatomu, mwani wenye ganda la silika, zeaksanthini huashiria bakteria wa kijani-buluu. Ziwa likipata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, mbolea haipandi, mwani unapungua, na dagaa chakula chao kinaanzia hapo. Kuzitenganisha rangi hizo moja moja kunahitaji mbinu iitwayo kromatografia, kwa hiyo hifadhi nusu ya kimiminika kwenye friza. Gizani!

Mabaki ya asetoni yaende kwenye chupa ya taka, si sinki. Andika kina kwenye tyubu, chukua sentimita inayofuata.