"Mwalimu, Nani Angesoma?": Wanafunzi wa Uhandisi na Somo la Uandishi

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunikaribisha.

Wanafunzi wetu wa uhandisi huliona somo la uandishi kuwa somo la kupita tu. Miaka mingi niliwalaumu. Aliyenibadilisha ni kijana mmoja wa ujenzi, siku niliyopitia logibuku yake, yaani daftari la kazi za kila siku, ya mafunzo kwa vitendo. Jumatatu: "Tulimwaga zege." Jumanne: "Tuliendelea kumwaga zege." Kurasa nne, hivyo hivyo. Nikamwita, nikamuuliza lilikuwa zege la nini. Akafunguka! Nguzo za ghorofa ya kwanza. Fundi aliyeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi. Vipande vya majaribio vilivyopasuka kwenye mashine kabla ya kufikia nguvu iliyotakiwa. Nikasema, mbona haya hukuyaandika? Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, nani angesoma?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi nilikuwa nahesabu kurasa na kupiga mhuri.

Tangu hapo naanza muhula kwa slaidi moja ya Januari 2003, iliyoandaliwa chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kikiwa bado angani. Wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilibanduka kikagonga bawa la kushoto, na slaidi ilikuwa ya kupima hatari ya pigo hilo. Kichwa cha slaidi kinatuliza moyo. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndio unaosema kwamba povu hilo lilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali lililotumika kwenye majaribio ya awali ya kugonga lilikuwa na 3. Mara 640! Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi, wakafa watu saba. Bodi ya uchunguzi iliikosoa slaidi hiyo waziwazi. Nawaambia wanafunzi watafute hatari imeandikwa wapi. Wengi hawafiki mstari wa mwisho, na wakionyeshwa, darasa zima hunyamaza.

Kisha tunatoka nje. Muhula uliopita waliandika maelekezo ya kuwasha pampu ya kisima kijijini, wakampelekea mama anayeiendesha. Akasoma kwa sauti, akakwama hatua ya tatu: "Mwanangu, hapa vali ziko mbili. Nifungue ipi?" Aliyeandika akaomba karatasi yake, akachuchumaa palepale kando ya tangi, akaanza upya. Siku ile aliandika mara tatu, na ni yuleyule aliyezoea kunakili kazi za mwenzake.

Karatasi zote tatu ninazo hapa. Nazizungusha, tazameni hatua ya tatu.