Kumnasa anayechafua kumbukumbu ya keneli kwa QEMU na GDB
Jambo yenu watazamaji wa Goma. Leo tunasaka draiva (programu inayoendesha kifaa) inayoandika kwenye kumbukumbu ambayo keneli, yaani kiini cha Linux, imeshaiachilia. Kompyuta moja inatosha, maana keneli tunayoichunguza inawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na GDB ndiyo ya kuisimamisha na kuichungulia.

Ukishusha msimbo wa keneli kwa git, weka `--depth 1`, usimalize mega bure. Kwenye mipangilio ya kujenga keneli, washa CONFIG_SLUB_DEBUG (ukaguzi wa kumbukumbu) na taarifa za DWARF (zinazoiunganisha GDB na msimbo). Zima CONFIG_SLAB_FREELIST_RANDOM ili anwani ziweze kujirudia. Draiva ijengwe ndani ya keneli (=y), GDB ilijue jina lake moja kwa moja.

`qemu-system-x86_64 -m 1G -smp 1 -s -kernel bzImage -initrd initrd.img -serial file:keneli.log -append "console=ttyS0 nokaslr slub_debug=FZPU"`

Kura (umeme) ikikatika, ripoti ya kosa iko kwenye keneli.log. Inakilini kwanza, kwa sababu QEMU ikiwaka tena inaifuta.

Sasa sogeeni karibu na kioo. Kumbukumbu iliyoachiliwa hujazwa 6b 6b 6b, na baiti ya mwisho a5. Hapa katikati ya 6b imeingia 41, kwenye anwani 0xffff888003a1c048, na ripoti inasema "Poison overwritten". Wengi hukimbilia kumlaumu aliye kwenye Call Trace (orodha ya fanksheni zilizoitana). Hana kosa! Ameomba kumbukumbu tu. Keneli ilipoikagua kabla ya kumpa, ikakuta imeshachafuliwa. Someni mstari wa "Freed in", unaotaja fanksheni iliyoiachilia.

Washeni tena mkiongeza `-S`, ili QEMU isubiri GDB. Kwenye dirisha la pili: `gdb vmlinux`, `target remote :1234`, kisha `hbreak` (mahali pa kusimama) kwenye fanksheni ya "Freed in", na `continue`. Ikisimama, chukueni mwanzo wa kitu kwenye mstari wa "Object" wa ripoti, msimamishe kfree (fanksheni ya kuachilia kumbukumbu) inapopewa anwani hiyo, ambayo hukaa kwenye $rdi:

`break kfree if $rdi == 0xffff888003a1c040`

Msiweke sharti hilo tangu mwanzo. Kfree huitwa mara nyingi mno, mashini itakokota. `continue`, halafu `finish` ili kfree imalize, ndipo tulinde anwani iliyochafuliwa:

`watch *(unsigned long *)0xffff888003a1c048`

`continue` tena. Ikisimama, andikeni `bt` muone fanksheni zilizoitana. Ikiwa ni fanksheni za slab (mgawaji wa kumbukumbu wa keneli) zenyewe, endeleeni. Mkikuta draiva, mmemnasa. Ila x86 husimama baada ya kuandika, kwa hiyo amri yenye hatia ni ile iliyo kabla ya $rip (anwani ya amri inayofuata).

Baiti ikibadilika bila `watch` kusimama, shukuni DMA: kifaa huandika bila kupitia prosesa, na hata KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu cha keneli, haikioni. Angalieni kama draiva inaachilia bufa kabla ya kukisimamisha kifaa.