Dola 20 za Tofauti

BARAKA: Karibuni. Leo masomo matatu ya vita vya bei kati ya AMD na Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki za kompyuta...

REHEMA: Matatu! Wanaokujua wameshacheka.

BARAKA: Wacha wacheke, dada. Wiki hii nimeletewa RX 5600 XT, kadi ya AMD, ya mtumba niikague. Kufungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kumbukumbu inasoma megahezi 1500, kipimo data, yaani kasi ya kupitisha data, gigabaiti 288 kwa sekunde. BIOS ya zamani hiyo, programu ndogo iliyomo ndani ya kadi inayoiendesha, haijaguswa tangu Januari 2020.

REHEMA: Mwezi wa vituko ule.

BARAKA: AMD walitangaza dola 279, wakiilenga GTX 1660 Ti ya Nvidia. Nvidia wakaishusha RTX 2060, kadi yao kubwa zaidi, hadi 299 kabla mpinzani hajaingia dukani. Tofauti dola 20! AMD bei hawakugusa. Siku chache kabla ya tarehe 21, siku ya kuanza kuuza, wakatoa BIOS mpya: kumbukumbu kutoka gigabiti 12 hadi 14 kwa sekunde, kipimo data 336, sawa na RTX 2060. Somo la kwanza...

REHEMA: Ngoja kwanza. Kadi zilishafungwa kwenye maboksi. Nani aliandika hiyo BIOS? Mnunuzi!

BARAKA: Si kazi kubwa. Unahifadhi kwanza BIOS iliyopo kwa GPU-Z, faili uliweke kwenye flashi. Unachukua mpya kwa aliyetengeneza kadi yako, modeli ileile, kisha unaiandika kwa amdvbflash, programu ya kuandikia BIOS, ukiwa msimamizi wa kompyuta. Unawasha upya, unatazama kama megahezi 1500 zimekuwa 1750.

REHEMA: Umeme ukikatika katikati?

BARAKA: Kioo cheusi. Yenye swichi ya BIOS mbili, unazima, unaisogeza swichi, unawasha kwa ile nzima, unairudisha, unaandika tena. Isiyo na swichi, unawasha kwa grafiki ya prosesa, au kwa kadi nyingine, unaandika tena. Kwa hiyo UPS kwanza, betri ya kushikilia umeme. Sasa, somo la kwanza...

REHEMA: Bado. Ikishika 1750 halafu vidoti vya rangi vikatapakaa kwenye gemu?

BARAKA: Bodi ya kadi hiyo haiwezi kasi hiyo. Rudisha faili la zamani.

REHEMA: Basi hiyo ni bahati nasibu! Wawili wametoa 279, mmoja ana 336, mwingine kabaki na 288. Mwaka 2008 HD 4870 ya AMD ilipokuja kwa 299, Nvidia walishusha kadi zao, GTX 280 kutoka 649 hadi 499, GTX 260 kutoka 399 hadi 299. Pesa imebaki mfukoni, hakuna wa kuandika BIOS.

BARAKA: Na aliyelipa 649 wiki chache nyuma? Huyo hana faili la kupakua. BIOS inamfikia hata aliyekwisha nunua.

REHEMA: Inamfikia mwenye bodi nzuri.

BARAKA: Kipimo data karibu asilimia 17 zaidi, bila senti.

REHEMA: Bila senti na bila uhakika. Bei inaandikwa kwenye boksi, Baraka. Kasi hii haikuandikwa popote.

BARAKA: Mimi nachukua BIOS.

REHEMA: Mimi nachukua dola zangu.

BARAKA: Haya, somo la...

REHEMA: Dakika mbili zimebaki.

BARAKA: Masomo basi tena. Mwenye 5600 XT atutumie picha ya GPU-Z, ukurasa wa kwanza, mistari ya kumbukumbu na toleo la BIOS vionekane. Na jina kamili la modeli, tafadhali: ndani ya chapa moja mna bodi tofauti, na faili haziingiliani.