Nani Anaongoza Hapa?

Mhadhara kwa wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata na viongozi wa bodaboda, Mtwara Mjini

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, watendaji, wenyeviti wa mitaa, na nyie vijana wa bodaboda mliojibana huko nyuma wakati viti vya mbele vitupu: habari za asubuhi. Sogeeni basi. Ninayokuja kuyasema yanawahusu nyie kuliko yeyote humu ndani.

Wengine mmeshanisikia, mtasema mzee kaja na wimbo wake uleule. Ni uleule. Nimefanya kazi ya zimamoto miaka 27, na kila nilipofika kwenye tukio niliuliza swali moja: nani anaongoza hapa? Ama nilipata kimya, ama majibu matano kwa mpigo. Mara chache sana nilipata jibu moja.

Nitawapa kisa kimoja, mnivumilie maana ni kirefu. Msimu wa korosho, mwezi wa kumi na moja, ghala limeshika moto usiku. Wilaya siitaji, ghala silitaji. Korosho mnaijua: ganda lake lina yale mafuta yanayobabua midomo ya mtoto akiitafuna mbichi. Yakiungua, moshi wake ni mzito na unachoma macho na koo. Tumefika na gari moja la maji. Mlangoni tukawakuta wakubwa. Kiongozi mmoja wa serikali anaelekeza. Msimamizi wa mzigo anaelekeza. Ofisa wa polisi anaelekeza. Mzee wa mtaa, na mtaa ni wake, anaelekeza. Na mimi, kiongozi wa zamu, naelekeza.

Nilikuwa na askari kijana, mwezi wake wa tatu kazini, kashika mpira wa maji. Mmoja kamwambia piga mlango wa mbele. Wa pili kamwambia zunguka nyuma, mbele pameshakwisha. Wa tatu kamwambia achana na ghala, lowesha nyumba ya jirani. Mimi niko kwenye gari nahangaikia pampu. Nilipogeuka nilimwona kijana yule yuko palepale, mpira mkononi, maji hayajafunguliwa. Miguu yake inapiga hatua mbele, inarudi. Inapiga hatua kulia, inarudi. Nimestaafu lakini miguu ile naiona mpaka leo. Kijana hakuwa mwoga. Alikuwa na wakubwa watano, na kila mmoja akimtii, anawaasi wanne.

Wakati huohuo, nyuma ya ghala, kuna mtu aliwaambia wapagazi wawili waingie watoe magunia. Ni nani, hatukujua usiku ule na hatujui hadi leo. Wakaingia. Hakuna aliyewahesabu. Tulijua kuna watu ndani pale mmoja alipotoka anatambaa, anakohoa, akasema, "Mwenzangu." Neno hilo tu. Mwenzake tulimtoa hai, lakini mapafu yake hayakurudi yalivyokuwa. Na yule alikuwa mtu wa kubeba gunia la kilo 80 ndipo watoto wale.

Sasa nambieni, tulikosa nini? Msiniambie magari. Ndiyo, magari ni machache, hilo nalijua na nimelipigia kelele tangu wengine hapa mko shule ya msingi. Lakini Wamarekani walikuwa na magari. Mwaka 1970, jimbo la California, moto wa misitu uliwaka siku 13. Watu 16 walikufa, majengo zaidi ya 700 yaliteketea, na ardhi iliyoungua ilizidi ekari nusu milioni. Vikosi vilikuwepo, vimetoka kila upande, vina ndege na redio. Walipokaa kutafuta chanzo cha kushindwa, waligundua kwamba kila kikosi kilikuwa na mkubwa wake, redio zake na maneno yake. Neno moja kwa kikosi hiki lina maana hii, kwa kile lina maana nyingine. Hapo ndipo walipoanza kujenga utaratibu wa uongozi wa dharura ambao leo umesambaa nchi nyingi. Haukutoka kwa matajiri waliokosa la kufanya. Ulitoka makaburini.

Na sisi watu wa pwani tulishaujua. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii mnaitumia harusini, mnaitumia kwenye vikao vya chama, lakini nendeni Mikindani mkawaulize wenyewe. Mwenye chombo anaweza kuwemo chomboni. Yeye ndiye aliyenunua mbao, ndiye aliyenunua tanga, na mabaharia wanakula kwake. Ila chombo kikishaingia bahari, usukani ni wa nahodha. Tajiri akitaka jambo, anamwambia nahodha. Hamfuati baharia aliyeshika demani, ile kamba ya tanga, akamwambia legeza. Akifanya hivyo kwenye upepo mkali, wote wanazama, na mali yake inazama nao.

Basi mkubwa akifika kwenye tukio, yeye ni mwenye chombo. Heshima yake ni yake. Usukani una mtu.

Najua mnachowaza. Namwona mama mtendaji pale anatikisa kichwa. Mnasema: mzee, wewe umeshastaafu, unaongea vizuri. Mimi mwenyekiti wa mtaa nimwambie Mkuu wa Wilaya kwamba anayeongoza ni mimi? Kesho nitakuwa wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoangukia kila mara. Hakuna aliyekwambia ukagombane naye. Kiongozi asiyepewa taarifa hujitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni kuamrisha. Ukiona gari lake, mfuate kabla hajakufuata. Mpokee nje ya kamba ya kuzuia watu. Mwambie: "Shikamoo mheshimiwa. Nyumba tatu zinaungua. Watu wote tumewahesabu, amepungua mzee mmoja. Zimamoto tumewapigia 114, wako njiani. Ninaongoza mimi mpaka wafike. Tunaomba utusaidie gari la maji na polisi wa kuzuia barabara." Nusu dakika. Umemheshimu, umempa taarifa, na umempa kazi ambayo wewe huiwezi na yeye anaiweza kwa simu moja. Nimeiona njia hii ikifanya kazi kwa wakubwa wakali kweli.

Mwingine atasema sheria inataka kamati. Kweli kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati kuanzia taifa hadi huku chini kwetu. Kamati ni jambo jema. Inapanga kabla, inatafuta fedha na vifaa, inaamua watu wahamishwe au wasihamishwe. Lakini kamati haishiki mpira wa maji. Pale penye moto anasimama mtu mmoja, ana jina, amevaa reflekta ya rangi ambayo hakuna mwingine aliyevaa, na mtoto wa darasa la tatu akiulizwa nani anaongoza, anamnyooshea kidole.

Mtu huyo ni nani? Ni wa kwanza kufika anayejua la kufanya. Nawarudia vijana wa bodaboda. Lori limepinduka barabara ya Masasi, wa kwanza si mimi, ni wewe. Na kazi yako ya kwanza siyo kukimbilia lori. Simama, tazama, piga simu, rudisha watu nyuma. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka na madumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Siwasemi marehemu, Mungu awarehemu, umaskini unajulikana. Nawasema walio hai: mmoja wenu akipaza sauti mapema, akashika uongozi, akaweka hata matawi ya miti barabarani kwa mbali, kuna watu watarudi kwao jioni.

Wenye ujuzi wakifika, unakabidhi. Na kukabidhi ni kwa mdomo, ana kwa ana. Siyo unaona gari jekundu limefika unaondoka zako. Mweleze kimetokea nini, nani yuko wapi, kipi kimefanyika, kipi kimebaki, nini kinatakiwa. Kisha muulize, "Umeshika?" Akijibu, "Nimeshika," watangazie watu wote kwamba kuanzia sasa anaongoza fulani. Halafu usiende mbali. Wewe ndiye unayejua ni chumba kipi analala bibi asiyeweza kutembea. Kule ghalani, laiti mtu mmoja angenikabidhi kwa maneno, angeniambia, "Afande, wawili wameingia nyuma." Maneno manne. Nami nilifika sikuuliza, nikakimbilia pampu. Na mimi nilikuwa na mafunzo.

Jambo jingine: vidole vya mkono. Mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu watano hivi. Wataalamu wanasema watatu hadi saba, mimi nasema tazama kiganja chako. Wakijitokeza vijana 40 kusaidia, na siku zote hujitokeza, usiwaamrishe 40. Wagawe, kila kundi liwe na mmoja wao, na wewe zungumza na hao wachache. Kila kijana ajue bosi wake mmoja, na bosi ajue idadi ya watu wake. Wakiingia sita watoke sita. Andika kwa kalamu, andika kwa mkaa ukutani, ila andika.

Lugha. Semeni Kiswahili cha kawaida kwenye simu ya upepo. Namba za siri na vifupisho acheni nyumbani. Na msiniambie "nyuma ya msikiti". Chikongola misikiti ni mingi. Msikiti upi, na nyuma ni upande wa bahari au upande wa barabara?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nikimbie. Wanaokuja kusaidia wasimiminike kwenye tukio, wapangiwe kiwanja cha kusubiri, waitwe kwa zamu. Msemaji kwa waandishi awe mmoja, maana wakiongea watatu patakuwa na idadi tatu za majeruhi. Na awepo mtu wa usalama mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi yote akiona ukuta unataka kuanguka.

Tukio likichukua siku nyingi, hapo mambo yanazidi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita Mafia, mvua ikashuka, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, abiria wamekwama, malori ya bidhaa yamekwama. Pale hutafuti shujaa. Unatafuta mtu wa kupanga ya kesho, mtu wa chakula, maji na vyoo, na mtu wa kuandika kila shilingi. Kiongozi akijaribu kuyafanya yote mwenyewe, usiku wa pili anaanza kuamua ovyo kwa usingizi. Kuhusu fedha nilikuwa na mengi, nayaacha.

Tufanye zoezi, dakika tano zilizobaki. Simameni. Nyie upande wa kulia ni wakazi wa Magomeni. Huyu kaka mwenye koti ndiye Mkuu wa Wilaya, na dereva wake kaendesha kasi. Wewe kijana na wewe ni zimamoto, mtafika baada ya dakika mbili. Mama mtendaji uliyekuwa unatikisa kichwa, njoo hapa mbele, vaa hii reflekta. Nyumba mbili zinaungua, umefika wa kwanza, watu wanalia, na mheshimiwa ndiyo huyo anashuka kwenye gari. Haya mama. Sema, tukusikie wote.