Dawa za minyoo na chaneli za utando wa seli

Ndugu wahudumu wa afya, karibuni. Kila msimu wa kingatiba mnagawa vidonge kwa kupima watu urefu. Leo tuangalie kinachotokea kidonge kikishamezwa: kinampataje mnyoo na kumwacha mtoto salama?

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hazipenyi mafuta. Zinapita kwenye chaneli, yaani protini zenye tundu katikati na lango linalofunguka kwa amri maalumu. Athari inategemea ioni iliyoingia. Kloraidi ikimiminika ndani, seli ya neva au ya msuli inatulia na haiitikii tena. Kalsiamu ikimiminika, msuli unakaza.

Ivamektini, tunayoitumia kwa usubi na matende, inashika chaneli ya kloraidi ambayo kwa kawaida hufunguliwa na glutameti, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva. Chaneli hiyo ina vipande vitano vilivyozunguka tundu. Picha ya protini hiyo ikiwa katika umbo la fuwele, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha dawa imejichomeka kama kabari kati ya vipande viwili jirani, ndani ya utando wenyewe. Lango halifungiki. Koo la mnyoo linaacha kusukuma chakula, na mwili unalegea.

Binadamu hana chaneli hiyo. Anazo zinazofanana nayo, zinazofunguliwa na GABA na glisini, kemikali za kutuliza neva, na ndani ya ubongo ndiko zingeleta hatari. Kinachotukinga ni P-glikoprotini, pampu iliyo kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ambayo huirudisha dawa ilikotoka. Mbwa wengi wa aina ya Collie wamezaliwa na pampu mbovu, na dozi kubwa ya ivamektini inaweza kuwaua. Kwa hiyo maikrogramu 150 kwa kilo kwa mgonjwa wa usubi msiziongeze kwa kukisia, na mtoto aliye chini ya sentimita 90 asipewe.

Sasa prazikwanteli, dawa ya kichocho, ambayo ndiyo inayotuletea maswali mengi zaidi. Ilitumika miaka mingi kabla shabaha yake haijajulikana. Chaneli yenyewe, ya jamii ya TRPM, ilitambuliwa mwaka 2019. Dawa ikiifungua, kalsiamu inaingia na mnyoo anajikunja kwa mkazo ndani ya sekunde chache. Ngozi yake inachubuka. Anashindwa kung'ang'ania mshipa wa utumbo, damu inamsukuma hadi kwenye ini, na kinga ya mwili wa mgonjwa inaziona protini ambazo mnyoo alikuwa amezificha chini ya ngozi yake. Kinga hiyo inahitajika kummaliza, na ndiyo maana sipendi kusema tu kwamba dawa inaua minyoo.

Dozi ni miligramu 40 kwa kilo. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya 600. Dawa hii inaisha haraka: kiwango chake katika damu kinapungua kwa nusu ndani ya saa moja au moja na nusu. Ukimpa kidonge kimoja leo na kingine kesho, chaneli hazipati kiwango cha kutosha siku yoyote. Mtoto ale kwanza. Chakula kinaongeza dawa inayofyonzwa na kupunguza kichefuchefu. Kidonge ni kichungu sana. Akikitafuna anaweza kukitapika, na dozi imepotea.

Mnyoo mchanga, wa wiki tatu au nne, huwa anaponea. Mvuvi aliyeambukizwa mwezi huu anaweza kutibiwa leo na bado akatoa mayai ya mnyoo baadaye, kwa hiyo arudie dozi baada ya wiki chache. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu asipewe prazikwanteli. Rifampisini inalichochea ini kuivunja, na dawa haifiki kwa mnyoo kwa kiasi cha maana.

Yupo pia Fasciola, mnyoo bapa wa ini anayetoka kwa mifugo. Chaneli anayo, ila katika kishimo ambamo prazikwanteli hukaa, asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha kujengea protini, ni tofauti: threonini imekaa mahali pa asparajini. Hilo peke yake linaifanya dawa ishindwe kushika. Mgonjwa wa Fasciola akipewa prazikwanteli haponi hata dozi ikirudiwa. Huyo apewe triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na chakula.