Dola Moja kwa Juba, Dola Ishirini na Nne kwa Khartoum

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie diplomasia ya rasilimali wakati wa vita. Sitazunguka dunia nzima. Nitakaa kwenye Sudan mbili, na hasa kwenye hesabu ya pipa moja la mafuta, maana hesabu hiyo ina mafunzo mengi kuliko hotuba zote za Addis Ababa, yalikofanyika mazungumzo yao.

Sudan Kusini ilipojitawala Julai 9, 2011, iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta ya Sudan ya zamani. Mabomba yalibaki kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Mmoja ana kisima, mwenzake ana mlango. Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilidai zaidi ya dola 30 kwa kila pipa linalopita. Juba, yaani serikali ya Sudan Kusini, ikasema hata dola moja kamili ni nyingi. Khartoum ikaanza kujichukulia mafuta kufidia kile ilichokiita deni, na Januari 2012 Juba ikafunga visima, ingawa karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yake yalitoka humo humo. Machi, Rais Kibaki wa Kenya, Rais Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia wakakutana Lamu, Kenya, kuzindua mradi wa bandari, pamoja na ndoto ya bomba la kufika Bahari ya Hindi. Bomba hilo halijajengwa hadi leo. Hata hivyo mezani lilifanya kazi yake: mwenye mlango aliambiwa kwamba ukuta unaweza kutobolewa upande mwingine.

Aprili wakapigana. Jeshi la Kusini liliingia Heglig, eneo la mafuta mpakani ambalo wao huliita Panthou, likakaa siku kama kumi, kisha likaondoka chini ya shinikizo kubwa. Mitambo ya mafuta iliharibiwa, na kila upande ukamnyooshea mwenzake kidole. Mei 2 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2046: acheni mapigano, rudini kwenye mazungumzo, la sivyo vikwazo vinakuja. Upatanishi ulikuwa mikononi mwa jopo la Umoja wa Afrika, chini ya Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, akiwa na marais wenzake wa zamani Pierre Buyoya wa Burundi na Abdulsalami Abubakar wa Nigeria.

Sasa chukueni kalamu. Kwa miezi mingi pande hizi ziligombania tarakimu moja tu. Mkataba wa Septemba 27, 2012 uliipasua tarakimu hiyo. Ada ya kupita katika ardhi ya Sudan: dola 1. Kuchakata: dola 1.60. Kusafirisha: dola 8.40 kwa bomba linalopitia Heglig, dola 6.50 kwa lile la kampuni ya Petrodar linalotoka Upper Nile, kaskazini mwa Sudan Kusini. Halafu, kando kabisa, dola 15 kwa kila pipa hadi zitimie dola bilioni 3.028, zikipewa jina la mpango wa mpito wa fedha, yaani Kusini inamsaidia jirani kuziba pengo la bajeti. Jumlisheni: dola 26 kwa bomba moja, 24.10 kwa jingine.

Kiir angeweza kurudi Juba na kusema ada ya kupita ni dola moja. Bashir, rais wa Sudan wakati huo, angeweza kurudi Khartoum na kusema tunapata zaidi ya 24. Na wote wawili wangekuwa wakweli! Mpatanishi asiyejua hesabu asingefika hapo.

Kasoro ilikuwamo humo humo. Viwango vilikuwa vya kudumu, na bei ya mafuta haikuwa ya kudumu. Mwanzoni mwa 2016 pipa liliposhuka chini ya dola 30 sokoni, Juba ilibaki karibu mikono mitupu, ikabidi warudi kujadiliana.

Usalama nao ulichelewesha mambo. Khartoum ilitaka kwanza mpaka usiokuwa na wanajeshi, kwa hiyo mafuta yalianza kutiririka tena Aprili 2013. Miezi miwili baadaye Bashir akaamuru yafungwe, akiilaumu Juba kuwasaidia waasi; amri ikaahirishwa na kuahirishwa. Mafuta ya Upper Nile yana nta nyingi, yakipoa ndani ya bomba yanaganda. Anayefunga bomba kwa hasira analiua na la kwake pia. Hili lilionekana Februari 2024, vita vya Sudan vilipovuruga bomba la Petrodar na kusimamisha mauzo yake kwa takriban mwaka mzima.

Nimalizie na Desemba 2025. Wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, waliiteka Heglig, wanajeshi wa Sudan wakavuka kuingia Kusini, na kwa makubaliano ya pande tatu jeshi la Sudan Kusini likaingia kulinda mitambo, pale pale lilipolazimika kuondoka mwaka 2012. Mkataba wa Mbeki ulikuwa na serikali mbili. Huu una pande tatu, na mmoja si serikali inayotambuliwa. Kwenye vikundi vyenu naomba mjadili hili: ile dola moja ya kupita, sasa alipwe nani?