Fugwe na Hamira: Kiumbe Mmoja, Majina Mawili

Mabibi na mabwana, aliyewahi kumenya hindi akakuta punje zimevimba na kugeuka rangi ya kijivu, kisha zikapasuka na kumwaga unga mweusi, ameshakutana na Ustilago maydis, kuvu wa fugwe ya mahindi. Unga ule ni spora, yaani chembe za uzazi za kuvu. Ziotesheni maabara: hamtaona uvimbe wala weusi, bali seli ndogo nyeupe zinazochipuza. Hamira kabisa! Katika hali hiyo kuvu huyu haushambulii mmea. Ni mpaka seli mbili zinazooana ziungane, ndipo hutokea uzi unaopenya ndani ya mmea.

Uainishaji ulikwama hapo miaka mingi. Wataalamu wa magonjwa ya mimea waliwapanga kuvu wa fugwe kwa mmea wanaoushambulia na kwa sura ya spora. Wataalamu wa hamira, waliowapata juu ya majani yasiyo na ugonjwa, waliwaweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu) yao, Pseudozyma, maana hawakuona dalili ya uzazi wa kijinsia. Kila upande uliona nusu ya kiumbe.

DNA haibadiliki hata kuvu akibadili umbo. Tunasoma vipande vya DNA ya jeni za ribosomu (mitambo ya seli inayotengeneza protini), hasa kipande kiitwacho ITS, iliyopendekezwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu wote, na kingine kiitwacho D1/D2, chenye herufi za DNA kama 600. Vilipolinganishwa, Pseudozyma ilisambaratika. P. prolifica alikuwa Ustilago maydis yuleyule. P. antarctica, anayetoa kimeng'enya cha lipase kinachotumika viwandani, akahamia jenasi ya Moesziomyces, miongoni mwa fugwe za nyasi. P. flocculosa, adui wa ubwiri unga (ugonjwa wa mimea unaoletwa na kuvu), akaenda jenasi ya Anthracocystis. Kanuni za majina nazo zilifuata: mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne mwaka 2011 uliondoa utaratibu wa kuvu mmoja kuwa na majina mawili.

La kushangaza zaidi kwangu ni Microbotryum, anayejaza chavulio za maua (sehemu zinazotoa chavua) spora zake. Kwa macho ni fugwe, na zamani aliitwa Ustilago. DNA inamweka karibu na kuvu wa kutu, ugonjwa mwingine wa mimea! Naye Malassezia, hamira wa ngozi yetu, yumo katika ukoo wa fugwe.

Lakini tusitegemee ITS peke yake. Kuna spishi jirani ambazo ITS zao karibu hazitofautiani, hivyo lazima tusome jeni nyingine pia. Kwa hiyo nawaomba mnaokusanya sampuli: msilete mfuatano wa herufi tu. Hifadhini pia mmea wenye fugwe, pamoja na hamira hai aliyeoteshwa kutoka kwenye spora zake.